Lambrini wa Makaburi, Binti wa Zisis Kiguru

Padre Serafim, wafiwa, majirani wa Karidovrisi, nanyi mliopanda mlima kutoka Karditsa na Larisa huku barabara ikiwa bado na barafu, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kuja. Mimi ni Stergiani, dada yake Thymios, kwa hiyo marehemu alikuwa wifi yangu, na nimesimama hapa si kwa kuwa nasoma vizuri kuliko wanawe, bali kwa sababu mwenyewe aliagiza hivyo mwezi Januari, mbele ya mashahidi, akasema, "Historia yangu aisome wifi, maana wanangu watanisifu, na yeye hawezi." Basi nitajitahidi nisimsifu, na nikiteleza mnisamehe.

Marehemu Lambrini alizaliwa tarehe 14 Februari 1943 hapa kijijini, katika nyumba ileile yenye ngazi za mbao ambamo amefia, akiwa mtoto wa pekee wa marehemu Zisis Tsaprounis na marehemu Vaia. Nikisema Zisis Tsaprounis, wageni watamfikiria mtu mmoja, lakini wenyeji mtauliza yupi, kwa maana babu wa ukoo alikuwa Zisis, na kama ilivyo desturi yetu, kila mmoja wa wanawe wawili alimpa kijana wake wa kwanza jina la babu, wakawa Zisis Tsaprounis wawili katika kijiji kimoja, waliopishana miezi minne tu. Tuliwatenga kwa majina ya utani. Mmoja, ambaye kwao kulikuwa na kinu cha maji cha kusagia ngano, aliitwa Zisis wa Kinu. Wa pili, baba yake marehemu, aliangukiwa na gogo akiwa na miaka kumi na minane, mfupa wa muundi wa kushoto ukaunga vibaya na kuota nundu chini ya goti, akachechemea tangu siku hiyo, akaitwa Zisis Kiguru. Kijijini kwetu hilo si tusi, ni anwani.

Tarehe 9 Aprili 1949, marehemu akiwa na miaka sita, baba yake alipandishwa juu ya nyumbu, huku akikohoa damu, akateremshwa mlima kwenda hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, na hakurudi tena. Mwishoni mwa Januari 1951 ilikuja barua, mwalimu akamsomea mama Vaia, ambaye hakujua kusoma, naye akaikunja na kuishona ndani ya mto wake wa kulalia, na miaka miwili baadaye cheche ya mekoni ikauchoma mto huo pamoja na nusu ya chumba. Katika barua yote alikumbuka jambo moja, kwamba mumewe alizikwa penye misonobari. Jina la mji hakulikumbuka, na mwalimu naye alikuwa ameshahamishwa na kufa.

Marehemu alibaki na kumbukumbu moja tu ya baba yake, wala haikuwa sura, ilikuwa mlio wa miguu yake akipanda ngazi jioni, mmoja ukitua kwa kishindo, wa pili ukiburutwa, du, shaa, du, shaa. Aliniambia kwamba utotoni alilala akiisikiliza ngazi, na hakukubali mtu yeyote afunge mlango kwa komeo, akisema baba akija akakuta pamefungwa atadhani tumehama. Tabia hiyo alikua nayo, akaolewa nayo, akazeeka nayo. Kaka yangu Thymios alilalamika miaka arobaini na saba, "Mwanamke, siku moja wezi wataingia wabebe hata chumvi," naye alimjibu kila mara, "Chumvi yenyewe ulisahau kununua, wataitoa wapi?"

Alisoma shule ya msingi hapa Karidovrisi kuanzia Septemba 1949 hadi Juni 1955, kisha akashuka Karditsa kwa shangazi yake akasoma miaka mitatu ya sekondari, akarudi kumsaidia mama yake kuchunga mbuzi kumi na mmoja. Tarehe 1 Septemba 1962 aliajiriwa na posta, akawa mpangaji na msambazaji wa barua katika vijiji vyetu saba hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 1989. Wenzake wa posta, ambao nawaona pale nyuma, watathibitisha kwamba katika miaka ishirini na saba hakupeleka barua hata moja katika nyumba isiyostahili, na hiyo si kazi ndogo katika milima ambako bahasha imeandikwa Vasilis Karras na kuna Vasilis Karras sita. Yeye aliinusa bahasha, akatazama mhuri wa mji, akatazama mwandiko, akasema, hii ni ya Vasilis Kitunguu, mtoto wake yuko Stuttgart, hii ni ya Vasilis Mkimya. Kumbukeni hilo, maana nitalirudia.

Jumapili tarehe 25 Oktoba 1964 alifunga ndoa na kaka yangu, Thymios Balatsos, katika kanisa hili. Kwa kuwa nimeagizwa nisiseme uongo, niseme kwamba mimi niliipinga ndoa hiyo, kwa sababu wakati ule binti wa mtu aliyekufa kwa kifua alikimbiwa kama moto, na siku kaka alipokuja kutupa habari, kabla hajavua hata koti, nilimwambia, "Umeenda kuoa kikohozi." Marehemu alikuwa nje ya mlango, amebeba sahani ya pai ya mboga, akasikia. Aliingia, akaiweka mezani, akasema, "Karibu, wifi, kula, sijaikoholea." Tangu siku hiyo nilimheshimu, ingawa ilinichukua miaka kumi kumwonyesha.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Apostolos mwaka 1966, aliyepewa jina la baba yetu, Zisis mwaka 1969, aliyepewa jina la baba yake marehemu, na Vaia mwaka 1973, wote wapo mbele yenu, pamoja na wajukuu saba.

Sasa naingia katika jambo lililomfanya Lambrini awe Lambrini. Tarehe 3 Novemba 1974 mama Vaia alifariki, na kabla hajakata roho alimshika binti yake mkono, akasema, "Mlete baba yako alale na mimi, amekaa peke yake vya kutosha." Marehemu aliahidi. Hakuwa na jina la mji wala la hospitali wala karatasi yoyote, alikuwa na misonobari. Hakujua wakati ule kwamba hospitali za kifua zilijengwa penye misonobari karibu zote, kwa ajili ya hewa, na kwamba nchi hii imejaa misonobari kutoka Makedonia hadi Peloponeso.

Akaanza kutafuta. Kila likizo na kila Jumapili aliyoweza kuipata, kuanzia masika ya 1975, alipanda pikapu ya Thymios, na mwaka 1980 magoti ya kaka yangu yalipochoka nikawa namsindikiza mimi, mwanzoni kwa umbea, baadaye kwa mapenzi. Tulibeba mkate, jibini, zeituni, burashi ya kusugulia mawe, na chupa ya maji ya kulowanisha maandishi yaliyofutika, maana herufi iliyokufa ukiilowesha inarudi kidogo. Tulitembelea makaburi arobaini na moja. Kwanza aliuliza makasisi, wakampa vitabu, vitabu vikawa vimeliwa na panya. Akawauliza wachimba kaburi, ambao hukumbuka kuliko vitabu, na mmoja wao, mzee mwenye meno mawili, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, mimi hapa nina misonobari mia tatu na wafu elfu mbili, wewe umekuja kutafuta mti au mtu?" Akamjibu, "Nionyeshe mti, mtu nitamwona mwenyewe." Mzee akacheka, akatembea naye mstari kwa mstari siku nzima, na baba hakuwepo.

Hapa kijijini watu walianza kumwita Lambrini wa Makaburi. Mkahawani walimtania, "Haya, Lambrini, Jumapili hii tunakwenda kuzuru nani?" naye akajibu, "Nawatafutia ninyi nafasi nzuri, yenye kivuli." Lakini tulipokuwa wawili garini, tukirudi tena mikono mitupu, alisema neno moja, na lilikuwa lilelile miaka yote, "Wifi, hata sura yake siijui, nikipita juu yake nitajuaje?" Nilimpa zeituni.

Tarehe 21 Septemba 1996, katika makaburi madogo ya hospitali iliyofungwa zamani, juu ya mji mmoja wa pwani huko kusini, penye misonobari iliyokwisha kuvunjikavunjika kwa upepo, tulikuta misalaba ya chuma iliyooza, na kwa kuwa hospitali ilifungwa, hakuna aliyekuja kufukua mifupa baada ya miaka michache, kama ilivyo desturi yetu kila mahali. Marehemu aliusugua msalaba wa kumi na tatu, akaulowesha, zikarudi herufi moja moja, Zisis Tsaprounis, 1951. Alikaa chini kwenye sindano za misonobari, akaukumbatia ule msalaba wenye kutu, akalia kwa sauti ya mtoto wa miaka sita. Nami nililia, na sioni haya kusema.

Kupata vibali kulichukua majira yote ya baridi. Jumamosi tarehe 10 Mei 1997 kaburi lilifukuliwa, padre wa pale akasali, na sisi wawili tukapiga magoti kuosha mifupa kwa divai nyekundu, kama tunavyowaosha wote wa kwetu, kichwa kwanza, kisha mikono, kisha miguu. Mimi ndiye niliyeshika mfupa wa muundi wa kushoto. Niliupitisha mikononi kutoka goti hadi kifundo, nikaugeuza, nikaupitisha tena, nikachukua na wa kulia. Yote miwili ilikuwa imenyooka kama miti ya ufagio. Nilimtazama wifi yangu, naye alikuwa ameshaona, akaninyang'anya mfupa, akautafuta ule uvimbe kwa kidole gumba, juu, chini, juu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni huku akijua kwamba ameupoteza.

Mchimba kaburi aliuliza kama tumrudishe. Marehemu akasema, "Hapana, mfungeni vizuri, mwanadamu huyu amengoja miaka arobaini na sita, nani kamjia?" Tukaweka mifupa katika sanduku la bati, akalipakata garini njia nzima. Tulipofika darajani Karditsa ndipo aliponishika bega, mimi nikiwa kwenye usukani, nikakaribia kutumbukia mtoni, akasema, "Wifi, barua zimebadilishana nyumba."

Niwaeleze. Mwezi Februari 1951, wiki mbili baada ya barua ya mama Vaia, watu wa kinu walileta hapa jeneza lililopigiliwa misumari, wakasema mtoto wao, Zisis wa Kinu, alikuwa Athene kwa biashara, moyo ukasimama. Kila mtu aliamini. Ukweli ni kwamba naye alikuwa na kifua, alilazwa hospitali ileile, na kwao walikificha kifua hicho ili mabinti waolewe. Wakafa Zisis Tsaprounis wawili katika hospitali moja, katika mwezi mmoja, na katika kitabu cha hospitali, safu ya jina la baba mwandishi aliiacha wazi. Familia moja ilikuwa na nauli ya lori, nyingine haikuwa nayo. Lori likapewa Zisis mmoja, misonobari ikapewa wa pili, na hakuna aliyefungua jeneza kwa kuogopa ugonjwa.

Maana yake ni kwamba Zisis Kiguru alikuwa amerudi nyumbani tangu mwaka 1951, na tangu mifupa ya kaburi lile ilipofukuliwa mwaka 1957 alikuwa katika chumba cha mifupa nyuma ya kanisa hili, kwenye rafu ya tatu, katika sanduku la mbao lenye jina sahihi kabisa, hatua thelathini kutoka mlangoni pa Lambrini. Mpangaji barua wa miaka ishirini na saba alipita mbele yake kila Jumamosi akienda kumwashia taa mama yake, akalisoma jina lile, akasema moyoni, huyo ni yule mwingine.

Mngedhani angekimbia kwenda kulichukua. Hakufanya hivyo, kwa sababu sanduku lile lilikuwa na binti wa Zisis wa Kinu, Asimo, ambaye ameketi pale mbele, naye alikuwa amemwashia taa baba yake wa rafu ya tatu tangu akiwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Tena nyumba hizi mbili hazikuwa zikisemeshana tangu 1938, kwa ugomvi wa maji ya mfereji wa kinu, na kimya hicho kilirithiwa pamoja na majina. Marehemu aliniambia, "Nikimwambia, namfukua baba yake mara ya pili." Nikamwambia, "Na usipomwambia, mama yako?" Akasema, "Ndiyo maana silali."

Akaliweka lile sanduku la bati nyumbani, juu ya kabati, chini ya picha takatifu, akaliwashia taa. Mwaka mmoja na miezi tisa alikuwa akienda katika chumba cha mifupa, akasimama mbele ya rafu ya tatu, mikono nyuma kama mtoto dukani, bila kugusa. Ameitafuta mifupa hiyo miaka ishirini na mbili, ameipata, na hawezi kunyoosha mkono. Sijawahi kuona hamu ya namna hiyo kwa binadamu, na naomba nisiione tena.

Jumamosi ya Wafu, tarehe 13 Februari 1999, theluji ikiwa magotini, wanawake tulileta ngano ya kuchemsha yenye sukari na zabibu kavu, tukampa padre karatasi za majina ya wafu wetu ayasome. Baada ya ibada nilikuwa mlangoni mwa chumba cha mifupa, Lambrini yuko ndani amesimama palepale pake, ndipo Asimo alipoingia na chupa ya mafuta ya taa, akavunja kimya cha miaka sitini kwa sauti ambayo wote mnaijua.

"Wewe! Kila nikija nakukuta unamkodolea macho baba yangu. Una kesi naye?"

Wifi yangu akageuka, uso mweupe, akauliza, "Asimo, baba yako alikuwa akichechemea?"

"Baba yangu? Baba yangu alicheza ngoma mpaka soli zikatoka! Mwenye kuchechemea alikuwa wako. Usinitanie leo, nimefunga."

"Mifupa yake aliiosha nani?"

"Bibi. Peke yake, hakutaka mtu. Akalifunga sanduku kwa waya, akasema lisifunguliwe mpaka kiama. Kwa nini?"

Nikajibu mimi, kwa sababu mtu mmoja hana budi kuwa mbaya, nikamweleza yote, hospitali, msalaba, muundi ulionyooka. Asimo alinisikiliza huku akizidi kuiminya ile chupa. Nilidhani atanipiga nayo. Aliiweka chini, akatoka, akarudi na mkasi wa kukatia mizabibu, akaukata ule waya mwenyewe. Akaingiza mkono, akatoa mifupa ya miguu, akauchagua mmoja, akaupapasa, akafika chini ya goti, akasimama hapo. Nundu ilikuwa kubwa kama yai la kwale.

"Bibi alijua," akasema.

Kisha akampa Lambrini mfupa ule kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mtoto mchanga, na Lambrini akaupokea, akauweka shavuni, akasema "Baba" mara moja tu. Tulikaa chini pale kwenye sakafu ya baridi, wanawake watatu. Baada ya muda Asimo akapangusa pua kwa kitambaa cha kichwa, akasema, "Kwa hiyo miaka arobaini na miwili mimi nimekuwa nikimsimulia Kiguru habari za watoto wangu."

"Alikusikia," Lambrini akasema. "Wako yuko kwangu, juu ya kabati. Hana taabu. Nimemsimulia yote, hata mambo ya wifi."

"Mambo yangu yapi?" nikauliza, na sikujibiwa mpaka leo.

Jumamosi tarehe 29 Mei 1999, baba yake marehemu alilazwa pamoja na mama Vaia katika sanduku moja, na Zisis wa Kinu akapanda rafu ya tatu chini ya jina lake mwenyewe, ambalo halikuhitaji kubadilishwa hata herufi. Marehemu aliongeza kwa rangi nyeusi majina yao ya utani, na Asimo akaomba jambo moja, kwamba aendelee kumwashia Kiguru taa kila Jumamosi, akisema, "Nimemzoea, nikimwacha ghafla atadhani nimekasirika." Tangu hapo wakawa wakienda pamoja, kila mmoja na chupa yake, na njia nzima wakigombana kuhusu mafuta.

Marehemu hakuacha makaburi. Watu waliosikia habari zake walimwandikia kutoka Melbourne, Toronto na Stuttgart, wakitafuta babu zao, naye alikwenda, akasugua, akalowesha, akaandika katika madaftari yake tisa kila kaburi la vijiji vyetu saba, jina, jina la baba, na jina la utani, akituonya sote, "Andikeni jina la utani, hilo ndilo padre halijui na mauti hayalijui." Mkiita Zisis hapa sasa hivi watageuka watu watano, akiwemo mwanawe na mwana wa Asimo, kwa hiyo mmeonywa.

Kaka yangu Thymios alitangulia tarehe 6 Desemba 2011. Afya ya marehemu ilianza kudhoofu mwaka jana, na mwezi Oktoba 2018 madaktari wa Larisa waligundua saratani ya kongosho, wakamtibu kwa kadiri ya uwezo wao, hata mwezi Januari yeye mwenyewe akasema inatosha, akaomba arudishwe nyumbani. Jumamosi ya Wafu tarehe 2 Machi alibebwa kwa kiti hadi hapa kanisani. Ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kutoka.

Jumanne iliyopita, tarehe 12 Machi, saa kumi jioni, tulikuwa naye mimi na binti yake Vaia. Macho alikuwa ameyafumba tangu asubuhi, na hakuwa amesema neno. Mlango wa chini ulikuwa wazi, kama kawaida, baridi inaingia. Asimo, ambaye mnajua kwamba alivunjika nyonga mwaka 2012 na hutembea kwa kuburuta mguu, alikuja na supu, akaanza kupanda zile ngazi za mbao, mguu mmoja ukitua kwa kishindo, wa pili ukiburutwa. Nikamwona wifi yangu ameinua kichwa kutoka kwenye mto. Uso wake ulibadilika, na miaka sabini na sita ikamtoka. Alisema kwa sauti ya wazi kabisa, "Baba, mlango haujafungwa."

Asimo alikuwa ameshafika mlangoni na bakuli mkononi. Ninyi mnamjua Asimo, hajawahi kumwacha mtu akosee bila kumsahihisha. Alinitazama mimi, akaliweka bakuli sakafuni, akajikokota hadi kitandani, akashika mkono wa Lambrini, akasema kwa sauti nzito, "Nimefika, mwanangu." Na marehemu akalaza kichwa, akapumua mara tatu au nne, akaenda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Larisa waliomhudumia kwa heshima, muuguzi wa kijiji aliyepanda mlima kila siku kumchoma sindano, wenzake wa posta waliobeba jeneza, Padre Serafim, majirani mlioleta kuni, mikate na dengu, na ninyi wa mbali mliotuma salamu kwa sababu aliwapatia babu. Namshukuru kipekee Asimo, naye ajue kwamba hilo neno alilosema Jumanne halikuwa uongo. Jumamosi hii, tarehe 16, ni Jumamosi ya Wafu tena, maana majira haya zipo zaidi ya moja, na jina lake litasomwa kwa mara ya kwanza. Karatasi aliiandika mwenyewe, amejiweka mstari wa mwisho, "Lambrini, binti wa Zisis Kiguru," na namwomba padre asome lote, asiruke neno.

Wifi, makaburi arobaini na moja yametosha, sasa keti upumzike kwa amani karibu na wako. Leo jioni, nikirudi nyumbani kwako, nitaufunga ule mlango kwa komeo kwa mkono wangu, kwa kuwa wote wameshaingia.